India, Uturuki au Ujerumani: ulinganisho kwa anayetafuta shahada ya kwanza nje

Matokeo yametoka, familia imekaa kikao, na majina ya nchi tatu hayaishi kurudi mezani. Mjomba anasema India, kwa sababu watoto wa jirani walisoma huko na wamerudi na vyeti vyao. Binamu ameona tangazo la Uturuki, kila kitu bure. Mwingine amesikia kwamba Ujerumani hakuna ada. Wote watatu wamesema kweli, na kila mmoja ameacha nusu ya habari.

Nusu iliyoachwa ndiyo inayolinganishwa hapa. India inakuuzia masomo kwa bei ya wastani na kukupokea haraka. Uturuki ina milango miwili inayotangazwa kama mmoja: ufadhili wa serikali unaogombewa vikali, na vyuo vya kulipia vinavyopokea karibu kila anayelipa. Ujerumani haidai ada, ila inataka uje na lugha kichwani na fedha ya mwaka mzima benki.

Vigezo vitakavyotumika ni sita: gharama yote mpaka siku unashika cheti, lugha ya darasani na ya mtaani, sifa za kuingia, kalenda, ruhusa ya kufanya kazi, na namna cheti kitakavyopokewa ukirudi nyumbani. Hicho cha mwisho watu hukiuliza baada ya miaka minne, wakati wa kukiuliza ni kabla ya kulipa senti ya kwanza.

Gharama

India: Ada ya vyuo binafsi kwa wageni hutajwa kwa dola, na kozi nyingi za biashara, kompyuta na sayansi huangukia kati ya dola 1,500 na 4,000 kwa mwaka. Uhandisi na famasia hupanda kidogo. Ada hiyo si bili yote. Kuna ada ya udahili ya mara moja, ada ya mitihani kila muhula, hosteli, chakula cha hosteli, na amana. Omba mchanganuo wa miaka yote uliopigwa muhuri na chuo chenyewe, maana wapo wanaotangaza ada ndogo ya mwaka wa kwanza kisha wakapandisha kuanzia wa pili. Ukipanga nje ya hosteli, jiandae kwa amana ya nyumba. Bengaluru inajulikana kwa wenye nyumba wanaodai amana ya miezi kadhaa kwa mpigo.

Ufadhili upo. Baraza la Uhusiano wa Kitamaduni la India, ICCR, lina mpango maalumu kwa nchi za Afrika: linalipa ada na kutoa posho ya rupia 18,000 kwa mwezi kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, pamoja na fungu la kodi ya nyumba. Maombi hufanywa kwenye tovuti yao, unachagua vyuo hadi vitano na kuandika insha ya Kiingereza. Udaktari wa tiba haumo katika mpango huo, kwa hiyo usijaze MBBS ukitegemea bahati.

Uturuki: Mlango wa kwanza ni Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali. Unalipa ada, bweni la serikali, bima ya afya, tiketi ya ndege ya kwenda na ya kurudi, mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki, na posho ya kila mwezi. Kuomba ni bure. Anayekudai fedha "ya kukuombea Bursları" anakuuzia fomu ambayo ungeijaza mwenyewe kwa jioni mbili.

Mlango wa pili ni kujilipia. Vyuo vya umma huwatoza wageni ada inayotangazwa upya kila mwaka kwa lira, na mfumuko wa bei umezifanya namba za mwaka jana zisiaminike. Vyuo binafsi, ambavyo Waturuki huviita vya wakfu, hutaja bei kubwa kwa dola kisha hukata "punguzo la asilimia 50". Punguzo hilo ni namna ya kutangaza bei. Karibu kila mtu hupewa, basi lisikufanye ujione umeshinda ufadhili. Uliza jambo moja tu: je, punguzo linabaki lile lile miaka yote minne, hata ukirudia somo? Jibu liwe kwa maandishi.

Ujerumani: Vyuo vikuu vya umma katika majimbo mengi havitozi ada ya masomo. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na chuo cha ufundi cha München, TUM, nacho kilianza kuwatoza wageni mwaka 2024. Kwingineko unalipa mchango wa muhula, kwa kawaida kati ya yuro 100 na 400, ambao mara nyingi una nauli ya usafiri ndani yake.

Mzigo uko kwenye viza. Ubalozi unataka uthibitisho wa yuro 11,904 kwa mwaka, na njia ya kawaida ni akaunti iliyofungwa, yaani Sperrkonto. Unaweka fedha yote kabla ya kupewa viza; ukifika unaachiwa yuro 992 kila mwezi. Kwa viwango vya miaka ya karibuni hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania, au zaidi ya milioni moja na nusu za Kenya, taslimu, siku moja. Hapa ndipo familia nyingi hujikwaa: zinakopa kwa ndugu "tuoneshe tu kisha turudishe". Haiwezekani kurudisha. Fedha inatoka kwa mafungu ya mwezi, nayo inaliwa kwa chumba, chakula na bima ya afya, ambayo peke yake huchukua zaidi ya yuro 120 kwa mwezi. Kisha mwaka wa pili ofisi ya wageni inauliza tena utaishi kwa nini. Asiye na fedha lakini ana ndugu anayeishi Ujerumani mwenye kipato cha kutosha anaweza kutumia barua ya dhamana ambayo ndugu huyo anaitia saini ofisi ya wageni ya mji wake. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, ambao watu huutaja haraka, kwa sehemu kubwa ni wa uzamili na uzamivu, hivyo anayetoka sekondari asiujengee mpango wake.

Lugha

Kigezo hiki ndicho kinachoamua zaidi kuliko ada, na ndicho watu hukipa dakika mbili.

India: Darasa ni Kiingereza. Mtu wa kidato cha sita au KCSE ya Kenya anaanza wiki ya kwanza bila mwaka wa maandalizi. Nje ya darasa ni Kihindi kaskazini, Kigujarati Gujarat, Kikannada Bengaluru, Kitamil Chennai, na mwalimu akichoka naye huteleza kuingia lugha ya kwao katikati ya somo. Utaishi bila kuijua, ila ukijifunza maneno mia mbili dereva wa bajaji atakutajia bei nyingine.

Uturuki: Ukipata Bursları kwa kozi ya Kituruki, mwaka wa kwanza wote ni lugha, katika kituo kiitwacho TÖMER, na lazima umalize na kiwango cha C1 ndipo uanze shahada (ngazi za lugha huanzia A1 ya mwanzo, A2, B1, B2, C1 hadi C2). Mwaka huo haumo katika hesabu ya shahada: kozi ya miaka minne inakuwa mitano. Kituruki kina faida moja kwa Mswahili. Ni lugha inayobandika viambishi kwenye mzizi, jambo tunalolijua tangu tunazaliwa, ingawa chao kinabandika mwishoni na chetu mwanzoni. Maneno kama kitap, saat na vakit utayakuta yanafanana na kitabu, saa na wakati, kwa kuwa wote tulichota Uarabuni.

Kozi za Kiingereza zipo. Vyuo vikuu vya Boğaziçi na ODTÜ ya Ankara hufundisha kwa Kiingereza, na ushindani wake ni mkali. Jihadhari na maneno "asilimia 30 Kiingereza" kwenye jina la kozi: maana yake asilimia 70 ni Kituruki, na utahitaji zote mbili. Kila mwaka kuna wanafunzi wanaofika wakiwa wameambiwa kozi ni ya Kiingereza, kisha wanakabidhiwa ratiba ya Kituruki. Soma jina la kozi kwenye barua ya udahili. Kama halikuandikwa kwamba ni ya Kiingereza, ihesabu kuwa si ya Kiingereza.

Ujerumani: Shahada ya kwanza katika vyuo vya umma, kwa sehemu kubwa, ni Kijerumani. Kozi za Kiingereza ni chache katika ngazi hii. Nyingi unazosikia ni za uzamili, au za vyuo binafsi vinavyotoza maelfu ya yuro kwa mwaka, na hapo sifa ya "hakuna ada" imekwisha. Kiwango cha kuingilia darasani ni kikubwa, nacho huthibitishwa kwa mtihani wa Kijerumani: DSH-2, au TestDaF yenye alama 4 katika sehemu zote nne, au telc C1 ya vyuo. Tofauti na Uturuki, hakuna anayekulipia mwaka wa kuifikia.

Kutoka sifuri hadi B2 kwa kusoma kila siku hesabu mwaka mmoja hivi. Anayehudhuria darasa la jioni mara mbili kwa wiki ahesabu miwili au zaidi. Goethe-Institut, vituo vya kufundisha Kijerumani, zipo Dar es Salaam na Nairobi, na ni nafuu mno kufika B1 au B2 ukiwa nyumbani unakula ugali wa mama kuliko kuifikia Berlin unakula Sperrkonto. Wanaokwama ni wale waliopata cheti cha A1, wakaona safari imeiva, wakaacha kusoma wakisubiri miadi ya ubalozi. Miadi ikifika, ofisa anawasemesha Kijerumani.

Sifa za kuingia

India: Mlango ni mpana. Chuo kinaangalia masomo ya kidato cha sita au KCSE yanayolingana na kozi; uhandisi unataka fizikia na hesabu, famasia inataka kemia. Udaktari ni habari nyingine kabisa: kwa kawaida mgeni naye anapaswa kufanya mtihani wa taifa wa NEET, na ada yake haifanani na hizo tulizotaja juu. Upana wa mlango una hatari yake, kwamba hata chuo kibovu kitakupokea. Tume ya vyuo ya India, UGC, huchapisha orodha ya vyuo vinavyotambuliwa na orodha ya vyuo bandia; soma zote mbili. Kisha tazama daraja la NAAC, chombo kinachopima ubora wa vyuo, na kwa kozi za kitaaluma hakikisha baraza lake, kama lile la famasia, limeidhinisha kozi hiyo katika kampasi hiyo, si jina la chuo tu.

Uturuki: Kwa Bursları, mwombaji wa shahada ya kwanza awe chini ya miaka 21, na awe na angalau asilimia 70 ya alama, kwa udaktari, meno na famasia ni asilimia 90. Hayo ni ya kuruhusiwa kuomba, kupata ni jambo lingine. Kinachowatofautisha waombaji ni barua ya kusudio na usaili. Barua iliyonakiliwa mtandaoni hujulikana, na mtu aliyechagua kozi tatu zisizohusiana (tiba, uhusiano wa kimataifa, usanifu majengo) atashindwa kueleza katika usaili kwa nini. Anayejilipia chuo cha umma hutumia alama za mtihani wa kuingilia wa wageni, YÖS, ambao tangu 2023 una toleo la kitaifa liitwalo TR-YÖS, au SAT ya Marekani, au alama za sekondari pale chuo kinaporuhusu. Wote hatimaye wanahitaji hati ya ulinganifu wa cheti cha sekondari, iitwayo denklik. Ianze mapema; usajili wa vyuo vya umma hufunguliwa kwa siku chache tu.

Ujerumani: Kila kitu kinaanza na swali moja: cheti chako kinakuruhusu kuingia chuo moja kwa moja, au kupitia Studienkolleg? Jibu liko kwenye hifadhidata iitwayo anabin na ile ya DAAD, ukichagua nchi yako. Mwenye kidato cha sita cha Tanzania amesoma miaka 13 na anasimama vizuri kuliko mwenye miaka 12, lakini tahasusi inahesabika: wa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) hatapewa nafasi ya uhandisi. Kidato cha nne peke yake hakifiki, na KCSE peke yake kwa kawaida haimwingizi mtu shahadani moja kwa moja.

Studienkolleg ni mwaka mmoja wa maandalizi, nao una makundi: kozi T ni ya ufundi na hesabu, M ya tiba na biolojia, W ya uchumi, G ya sanaa na jamii, S ya lugha. Kuingia kuna mtihani wa Kijerumani wa kiwango cha B1 hadi B2 na, kwa kozi kadhaa, wa hesabu. Ukifeli mtihani wa mwisho unaweza kurudia mara moja tu kwa kawaida. Maombi mengi hupita uni-assist, ofisi inayokagua maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo, yuro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata katika muhula huo. Udaktari huko si shahada ya kwanza ya miaka mitatu bali ni zaidi ya miaka sita na mtihani wa serikali, na nafasi za wageni kutoka nje ya Ulaya ni finyu mno.

Kalenda

Hapa Mtanzania na Mkenya wanaachana njia.

KCSE katika miaka ya karibuni imetoka Januari. Maombi ya Bursları huwa wazi kuanzia Januari 10 hadi Februari 20, kwa hiyo Mkenya anayo slipu mkononi wakati dirisha liko wazi, na ana miezi sita ya kuandaa India kwa Julai au Agosti. Mtanzania anafanya kidato cha sita Mei na kupata matokeo Julai. Bursları anaomba akiwa bado darasani, kwa ripoti za shule. Inaruhusiwa, mradi amalize kabla ya masomo kuanza, lakini mkuu wa shule lazima akupe ripoti iliyosainiwa mapema, na hapo watu hupoteza wiki tatu. Kwa India, matokeo ya Julai yanamwacha na siku chache za viza, na kama ameitwa JKT ratiba inabana zaidi. Vyuo vingi vya India hupokea mpaka Septemba. Uliza tarehe ya mwisho, maana mahudhurio huanza kuhesabiwa siku ya kwanza hata kama wewe uko Dar.

Ujerumani, tarehe ya kawaida ya muhula wa Oktoba ni Julai 15. Kwa Mtanzania hiyo ni kama kusema mwaka kesho. Usipigane nayo: tumia mwaka huo kwa lugha, kwa sababu ungeuhitaji hata kama matokeo yangetoka Mei.

Kazi wakati wa masomo, na baada

India: Viza ya mwanafunzi hairuhusu kuajiriwa. Hakuna kazi ya jioni ya kujazia ada, na anayekamatwa anahatarisha viza. Baada ya kuhitimu, viza ya ajira ina kima cha mshahara kilichowekwa juu kuliko wanavyolipwa wahitimu wengi wapya, kwa hiyo panga kurudi.

Uturuki: Kazi inahitaji kibali kinachoombwa na mwajiri, na wa migahawani wengi hawahangaiki nacho. Wanafunzi hufanya kazi kimyakimya na hulipwa wanavyotaka waajiri. Usiiweke kwenye bajeti. Mhitimu anayeomba ndani ya miezi sita anaweza kupata kibali cha ukaazi cha hadi mwaka mmoja.

Ujerumani: Sheria iliyoanza Machi 2024 inaruhusu siku 140 kamili au nusu-siku 280 kwa mwaka. Kima cha chini kwa saa mwaka 2025 kilikuwa yuro 12.82. Ukipata saa 15 kwa wiki, kodi ya chumba na chakula vinaweza kutoka hapo, lakini kazi hizo huombwa kwa Kijerumani, na muhula wa mitihani ya hisabati ya uhandisi haukuachii saa 15. Ukihitimu unapewa miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na shahada yako. Katika nchi hizi tatu, hapa Ujerumani imezizidi wenzake waziwazi.

Siku tisini za kwanza

Makosa ya miezi mitatu ya mwanzo hugharimu kuliko mitihani. India, mwenye viza ya zaidi ya siku 180 anajisajili ofisi ya wageni, FRRO, ndani ya siku 14, sasa kwa njia ya mtandao. Hosteli au mwenye nyumba naye anatakiwa kuwasilisha fomu ya taarifa za mgeni. Beba cheti cha homa ya manjano, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Viza imefungwa kwenye chuo kimoja: kuhama chuo bila idhini ya FRRO kunaivunja. Na mahudhurio ya asilimia 75 si mapambo, chini ya hapo unazuiwa mtihani.

Uturuki, ombi la ikamet, kibali cha ukaazi, lipelekwe ndani ya mwezi mmoja. Anayejilipia ana miezi mitatu tangu kujisajili ya kuingia bima ya afya ya serikali. Ikipita, nafasi hiyo imepotea kwa muda wote wa masomo, na utabaki na bima binafsi.

Ujerumani mlolongo una mpangilio wake, na kuuvuruga ni kuzunguka bure: chumba kwanza, kisha usajili wa anuani, kisha akaunti ya benki, ndipo Sperrkonto ianze kukulipa, kisha ofisi ya wageni. Kwa hiyo fedha ya wiki sita za mwanzo ije na wewe mfukoni, nje ya ile 11,904. Kosa la kupanga hoteli ya siku tatu "tukitafuta chumba" limewalaza wengi kwenye makochi ya watu.

Cheti kikirudi nyumbani

Tanzania, TCU, tume ya vyuo vikuu, ndiyo inayotathmini shahada za nje, na haitazami chuo tu. Inatazama pia uliingia kwa sifa gani. Aliyetoka kidato cha nne akapita kozi fupi ya maandalizi na kuingia shahada anaweza kuulizwa zile alama kuu mbili zenye pointi 4.0. TCU pia hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda nje na husajili mawakala. Wakala asiyekuwa kwenye orodha yake usimpe pasipoti. Kenya kazi hiyo ni ya CUE, tume ya vyuo vikuu ya huko, na nchini ambako shahada ya kawaida ni miaka minne, zile za miaka mitatu za India na Ujerumani uziulizie kabla, hasa kwa uhandisi, ambao una bodi yake.

Sheria ndiyo kozi yenye mtego mkubwa. India inafuata mfumo wa Kiingereza kama sisi. Uturuki na Ujerumani hazifuati. Aliyesoma sheria Ankara amesoma sheria ya Waturuki, na shule ya mawakili ya nyumbani haitajua imweke wapi. Udaktari kutoka nchi yoyote una mitihani ya baraza la nyumbani kabla ya mafunzo kazini, na aliyesomea tiba kwa Kituruki ataifanya kwa Kiingereza.

Nani aelekee wapi

Kama familia ina kipato cha uhakika cha kila mwaka lakini si akiba kubwa, na unataka kompyuta, biashara, famasia au sheria bila kupoteza mwaka, India inakubeba vizuri. Haikufai kama mpango ni "nitafanya kazi nijilipie". Wa sayansi ya data aangalie pia kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 2023: shahada ni ya chuo hicho, na viza ya India huihitaji.

Kama una alama za juu, umri chini ya miaka 21, na nyumbani hakuna fedha kabisa, omba Bursları mwaka huu na mwakani, na ukubali mwaka wa Kituruki kama sehemu ya masomo. Ukiikosa, usigeuze hasira kuwa chuo binafsi cha Istanbul kwa mkopo. Kwa fedha ile ile linganisha kwanza na India na chuo cha nyumbani.

Kama una kidato cha sita cha PCM au PCB (fizikia, kemia na hesabu au biolojia), subira ya miaka miwili kabla ya muhula wa kwanza, na familia au ndugu anayeweza kusimamia akaunti ya mwaka wa kwanza bila kukopa, Ujerumani ndiyo yenye faida kubwa baadaye kwa uhandisi na sayansi. Anza na A1 kabla ya kuulizia Sperrkonto. Ukifika B1 ukiwa bado unaipenda lugha, endelea. Ukiichukia, umepoteza ada ya darasa la jioni tu, na dirisha la India litakuwa wazi tena Julai.

Mkenya mwenye KCSE anayeitamani Ujerumani anaweza kuanza shahada nyumbani na kusoma Kijerumani pembeni, kisha aiangalie tena anabin akiwa na mwaka wa chuo mkononi. Na aliyeshikilia udaktari tu, bila NEET, bila asilimia 90 na bila Kijerumani, nchi hizi tatu hazina mlango rahisi kwake. Maombi ya KUCCPS, inayogawa nafasi za vyuo Kenya, au ya vyuo vya Tanzania yapewe uzito kabla ya tiketi ya ndege.